Mzigo Wowote, Njia Yoyote

4 Februari

Mpwa wangu mpenzi,

Natumaini waraka huu utakukuta u mzima wa afya, gari likiwa limezimwa na wewe ukiwa umekaa mahali penye kivuli, kwa maana sipendi usomwe huku mkono mmoja uko kwenye usukani. Sisi huku hatujambo. Goti la mama yako limepata nafuu, isipokuwa asubuhi, naye anakusalimu. Anauliza kama unakula chakula au unatafuna tu ili usisinzie. Nilimwahidi kwamba swali lake nitaliandika kama alivyolitamka.

Dhumuni la kukuandikia ni moja, nami nitalieleza kwa utaratibu.

Miwani, yule dalali aliyekuwa akikutafutia mizigo tangu ulipolirithi lori la marehemu baba yako, amefunga kibanda chake pale kwenye maegesho ya malori. Alikuja na kiti chake kichwani, akakiweka kando ya meza yangu hapa barazani mbele ya ofisi za ardhi, na hajaondoka. Wateja wangu wanapokuja kuandikiwa maombi, yeye huwashauri kabla mimi sijafungua mdomo. Anasema madereva wote wamehamia kwenye programu ya simu inayogawa mizigo, na kuhusu wewe alisema hivi, nami nanukuu bila kutia chumvi: "Yule binti yenu naye kaniacha kama shati lililotoboka kwapani."

Nilimjibu kwamba hukumwacha kwa dharau. Hata hivyo ningependa kuelewa. Programu hiyo ni nani? Anayetia sahihi ni nani? Dereva akikosewa, anamwandikia nani? Naomba unijibu kwa maandishi, kwenye simu hii hii. Ninajua vijana mnapenda kurekodi sauti, lakini sauti haina tarehe wala aya.

Ndimi mjomba wako.


9 Februari

Mjomba, shikamoo.

Mimi mzima, gari limezimwa, na kivuli kipo, ingawa ni cha lori lenyewe. Mwambie mama nakula chakula. Asipoamini mwambie nimenenepa, hapo ndipo atakapokasirika na kuamini.

Nimeandika kwa aya kama unavyotaka.

Programu si mtu, mjomba. Ni kitu kimekaa kwenye simu. Kinalia kama kengele ya baiskeli, unatazama, unaona mzigo gani, unatoka wapi, unakwenda wapi. Chini kuna mahali pawili pa kubonyeza, Nakubali na Nakataa. Basi. Hakuna kukaa kwenye benchi la Miwani tangu asubuhi kumchekea. Nikiwa bado nashusha saruji, tayari nimetafutiwa mzigo wa kurudi nao. Sisi madereva tumeipa jina Mnyapara. Ni utani tu. Yeye anatuita "dereva wetu" kila anapotuandikia, utadhani katoa mahari.

Mwambie Miwani asininunie. Nilikuwa nimechoka kupigiwa kelele na mtu mwenye kijiti mdomoni.

Mama Mkwe hajambo. (Madereva wenzangu bado wanacheka jina la lori langu. Nawaambia, linaguna kila asubuhi na huruhusiwi kulijibu, sasa ningeliitaje?) Kichwa, upande wenye injini, ni kizima kabisa. Ni tela tu, fundi aliinama chini yake akasema breki zimelika, zinataka kubadilishwa zote. Nitasimama nizitengeneze nikipata nafasi. Shida ni kwamba ukisimama Mnyapara anakuona hupo, na asiyekuwepo anashushwa chini kwenye foleni.

Nisalimie baraza zima.

Mimi mpwa wako.


21 Februari

Mpwa wangu mpenzi,

Natumaini hujambo. Sisi tu wazima, ila mimi sijatulia.

Barua yako nimeisoma, na mstari wa breki nimeusoma kuliko mistari mingine yote. Umeuweka mwishoni, katikati ya mzaha na salamu, mahali ambapo watu wanaokuja mezani kwangu huweka jambo lililowaleta. Tangu siku hiyo hujaandika tena. Je, umezitengeneza?

Nilimsomea Miwani sehemu hiyo. Aliacha kutafuna kijiti chake. Alisema katika miaka yake yote pale maegeshoni, hakuwahi kumtajia dereva mzigo kabla ya kulizunguka gari na kulipiga teke kila gurudumu, na kwamba gari lenye breki za namna hiyo angelipangia mzigo wa magodoro na kulielekeza barabara ya tambarare, hata mwenyewe alie machozi. "Mimi nilikuwa nawapigia kelele," alisema, "lakini nilikuwa nawaona." Sikupenda kukubaliana naye mbele ya wateja, kwa hiyo nilirudi kwenye mashine yangu ya kupiga chapa.

Sasa nisikilize. Hakuna mamlaka isiyopokea maombi. Nimewaandikia watu wa ardhi, watu wa maji, mahakama, hata mkuu wa gereza, na wengi wamejibiwa. Nipe cheo na anwani ya msimamizi wa huyo mnayemwita Mnyapara. Nitamwandikia kwa heshima zote akupe ruhusa ya kusimama bila jina lako kushushwa. Ni jambo dogo. Linahitaji tu kuelezwa vizuri.

Mama yako sijamwambia.

Ndimi mjomba wako.


27 Februari

Mjomba, shikamoo.

Samahani kwa kimya. Afya ipo, usingizi ndio umepungua.

Bado sijazitengeneza. Wiki iliyopita nilipewa saruji nishuke nayo Ngazi. Wewe hujawahi kupita huko: ni ile barabara inayoteremka mlima kwa kona moja baada ya nyingine, upande mmoja mwamba, upande mwingine hakuna kitu, na chini kabisa kuna daraja. Nilishuka gia ya chini kabisa, lakini tela lilikuwa linanisukuma kutoka nyuma kama mtu kwenye foleni. Nilisikia harufu ya kuungua. Nilishika usukani kama ninavyoshika mtoto wa mwenzangu. Nilipofika darajani nilishuka, nikakaa chini, na simu ikalia: "Hongera, dereva wetu. Umewahi." Halafu mzigo mwingine.

Utaniambia ningekataa. Nikueleze habari za Kigoda. Unamkumbuka, yule dereva mzee wa mtaa wetu anayetembea na kigoda chake, kila akiegesha anakaa ubavuni mwa gari kama mlinzi. Alikataa mizigo ya Ngazi mara mbili, kifua kilikuwa kinambana. Mnyapara hakumgombeza. Alinyamaza tu. Simu ya Kigoda haijalia tangu siku hiyo. Mwenye gari alipoona hivyo akalichukua tela akampa dereva mwenye nyota nyingi kwenye programu, Kigoda akabakizwa na kichwa. Sasa yuko huku juu ya Ngazi, kwenye maegesho, maana wanasema ukikaa karibu na mizigo utaonekana. Vijana wanamwita Kichwa Kitupu. Anacheka nao. Anatazama simu, anaifuta kwa shati, anaitazama tena.

Na siwezi kurudi kwa Miwani, mjomba. Siku hizi maghala hayafungui geti bila namba ya Mnyapara. Ukifika na karatasi ya dalali wanakutazama kama umekuja na kuku.

Msimamizi hayupo, wala anwani. Kuna kisanduku kwenye programu kinaitwa Maoni na Maombi. Niandikie ombi, nitalibandika humo. Naomba tu nisimame nitengeneze breki, na kabla ya hapo nisipelekwe Ngazi. Lakini mjomba wangu, nakusihi, liwe fupi.

Mimi mpwa wako.


2 Machi

Mpwa wangu mpenzi,

Hujambo, natumaini. Sisi hatujambo.

Nimelifanyia kazi ombi lako na sasa ninalo mbele yangu. Nimekataa kazi za watu wengine wawili ili niliandike kwa utulivu. Ni fupi. Lisome:

"KWA MHESHIMIWA MSIMAMIZI WA MIZIGO.

YAH: OMBI LA KUPUMZISHWA KWA MUDA KWA AJILI YA MATENGENEZO YA BREKI.

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mwombaji, ambaye ni dereva wenu mtiifu, anatanguliza kutamka kwa unyenyekevu mkubwa kwamba yu tayari kubeba mzigo wowote, kwa njia yoyote, wakati wowote atakaoamriwa, bila manung'uniko. Pamoja na utayari huo, anaiomba ofisi yako tukufu itazame kwa jicho la huruma hali ya breki za tela lake, ambazo kwa kauli ya fundi zimelika kupita kiasi. Imruhusu kusimama hadi matengenezo yatakapokamilika. Isimpangie barabara ya Ngazi katika kipindi hicho. Na jina lake lisishushwe katika foleni kwa sababu hiyo.

Wenu katika kazi."

Utaona jinsi nilivyoyapanga. Mtu haingii ofisini kwa malalamiko. Anaanza kwa kujiweka chini, mkubwa anatulia, anaegemea kiti, na hapo ndipo haja inapotolewa. Nimefanya hivyo maisha yangu yote na sijapata kufukuzwa mlangoni.

Miwani alisoma juu ya bega langu, jambo ambalo nimemkataza. Akasema, "Anza na breki. Neno la kwanza liwe breki." Nilimwambia kwamba hilo lingekuwa tangazo la gereji. Akasema, "Basi liwe tangazo la gereji." Hatujasemezana tangu hapo, ingawa viti vyetu vinagusana.

Ndimi mjomba wako.


4 Machi

Mjomba, shikamoo.

Sijui nianzie wapi. Wewe mzima? Mama?

Kisanduku hakikupokea kichwa cha habari. Kilisema niandike ombi peke yake, kwa hiyo nilibandika kuanzia "Mwombaji". Nikabonyeza Tuma. Baada ya kutuma ndipo nikaona kwamba kisanduku ni kidogo, kinachukua maneno machache tu, na yanayozidi kinayakata. Kimekatia kwenye "bila manung'uniko". Yaliyofuata hayakwenda.

Jibu lilikuja hata sijaiweka simu mfukoni. Nalinakili kama lilivyo:

"Asante, dereva wetu. Tumepokea utayari wako. Umeandikishwa: mzigo wowote, njia yoyote, wakati wowote."

Nilicheka, mjomba. Nilicheka mpaka muuza vocha akauliza kama nimeshinda bahati nasibu. Halafu nikaona kwamba karibu na jina langu pamewekwa alama nyekundu ambayo sijaiona kwa dereva mwingine, na pale chini, palipokuwa na Nakubali na Nakataa, sasa pana Nakubali peke yake. Pa kukataa pamefifia. Ukipagusa kinaandika: "Dereva wetu, hii ni kinyume cha ahadi yako."

Tangu hapo ni mapipa. Yale ya bluu yenye picha ya fuvu, ambayo madereva wenye watoto hawayataki. Leo nilipofika ghalani mpakiaji alivaa glavu mpaka kwenye viwiko, akaniuliza, "Dada, dereva wako yuko wapi?" Nikamwambia dereva ndiye mimi. Akanitazama, akatazama tela, akasema, "Pole."

Sikulaumu. Nilikuomba liwe fupi, nawe uliliona ni fupi.

Mimi mpwa wako.


6 Machi

Mpwa wangu,

Barua yako imenifikia. Ninaomba radhi, na neno hilo silitumii kwa desturi ya uandishi.

Acha nikueleze niliyoyafanya. Asubuhi ile ile nilivaa koti nikaenda mjini kuitafuta ofisi yao. Miwani alinifuata bila kualikwa. Ipo, ghorofa ya pili, juu ya duka la mapazia. Ni chumba kimoja cheupe chenye meza, mmea wa plastiki na binti mmoja mwenye adabu. Nilijitambulisha, nikaeleza kwa mpangilio. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba, sisi hapa ni wa matangazo tu."

Nikamwuliza wa mizigo wako wapi. Akasema hajui. Nikamwuliza yeye akiwa na shida humwandikia nani. Akafikiri, akasema, "Kwenye kisanduku."

Miwani akaegemea meza akamwambia, "Mwanangu, kuna gari halina breki limebeba sumu. Mpigie mtu yeyote." Binti akawa na macho ya kulia. Akachukua simu yake, akatuonyesha: naye anayo ile programu, na palipoandikwa Wasiliana Nasi pana picha ya ofisi ile ile tuliyokuwa tumesimama ndani yake.

Hapa chini kuna ombi jipya. Limetungwa na Miwani. Mimi nimeweka nukta tu:

"Breki mbovu. Nisipakiwe. Nifutieni ile ahadi."

Litume sasa hivi. Kisha liegeshe gari popote ulipo. Mambo mengine tutayazungumza ukiwa umesimama. Mama yako amekwisha kujua, kwa sababu nilikuwa nikisema peke yangu wakati wa kula.

Mjomba wako.


9 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nimetuma la Miwani. Jibu: "Ombi lako linafanana na ombi lililokwisha kukubaliwa. Asante, dereva wetu." Nimetuma tena, nikaandika Breki, Breki, Breki. Ikaniletea matangazo ya vipuri.

Niko juu ya Ngazi. Nimepanda nayo mapipa tangu alfajiri, yamejaa tela mpaka mlangoni. Yanatakiwa yafike ng'ambo ya daraja. Nimeegesha kando ya Kigoda, ambaye amenikaribisha kigoda chake yeye akakaa juu ya tairi. Ukungu umefunika kona zote, unaona ukingo wa kona ya kwanza halafu weupe. Huku ukipiga simu inakatika, ujumbe ndio unaopenya, tena kwa kujivuta.

Kuna fundi anatembea na mfuko wake hapa maegeshoni. Ameingia chini ya tela, amekaza alichoweza kukaza. Alipotoka hakunidai kitu. Hilo ndilo lililonitisha, mjomba. Fundi asiyedai.

Najua utasema nisishuke. Lakini nikigoma sasa, kwa ile alama nyekundu, sitapata mzigo tena popote. Lori hili ndilo baba alilotuachia, hakuna kingine. Nimemwona Kigoda anavyoifuta ile simu. Sitaki kuwa hivyo. Nitangoja ukungu upungue, nitaingiza gia ndogo kabisa, nitashuka kama konokono. Wapo walioshuka na breki mbovu kuliko hizi.

Kigoda anakusalimu. Anasema uandishi wako aliusifia siku ulipomwandikia barua ya uchumba, na mke alikubali.

Nikifika darajani nitakuandikia.

Mimi mpwa wako.


9 Machi

Shuka garini. Usishuke Ngazi.

Mama yako amekaa hapa pembeni yangu na anasema: gari liuzwe, liungue, lichukuliwe, yeye hataki gari. Anamtaka aliye ndani yake.

Sina namna nyingine ya kulisema. Shuka. Chukua funguo, utembee.

Mjomba.


10 Machi

Mjomba, shikamoo. Mwambie mama niko hai, na miguu yangu iko ardhini.

Ujumbe wako uliingia asubuhi hii, wakati nimekwisha kuwasha. Nilikuwa nimetoa breki ya mkono, gari limeanza kujongea. Nikausoma. Nikavuta breki, nikazima, nikatoka na funguo. Nilijiona mjinga na mwepesi, kama mtu aliyetapika.

Nikaandika kwenye kisanduku: "Sishuki." Kumbe hilo lilieleweka. Likaja jibu: "Asante, dereva wetu. Mzigo wako umepata mwingine."

Na hapo hapo, ubavuni mwangu, simu ya Kigoda ikalia.

Mjomba, sijawahi kuona mtu anasimama vile. Mzee mzima na kifua chake, aliruka. Alinionyesha simu kwa mikono miwili. Mnyapara amemwona: kichwa kitupu, kipo karibu, kinaweza kuunganishwa na tela lililokwisha kupakiwa. Tela langu.

Nikamwambia, "Baba yangu, hili halina breki. Nimelikataa kwa sababu hiyo."

Akainama, akaingiza mkono, akagusa, akasema, "Zipo zipo."

"Hazipo."

"Mwanangu, Ngazi hii nimeanza kuishuka wewe hujazaliwa. Wewe umekataa ukiwa na kichwa chako na tela lako. Mimi nikikataa tena nitakuwa nakataa na nini?"

Nikamwambia simpi tela. Nikakaa juu ya kiungo chake, pale mbele linaposhikana na kichwa. Simu yangu ikalia, ya mwisho kulia: dereva anayezuia mzigo atahesabiwa kwamba ameuiba, na askari wa kituo cha chini wataarifiwa. Kigoda akasoma juu ya bega langu. Akaninyanyua kwa mkono, taratibu, kama unavyomnyanyua mtu msibani. Akasema, "Usijitie kesi kwa ajili yangu. Nisaidie kufungua mipira."

Nikaifungua, mjomba. Mipira ya upepo wa breki, nyaya za taa, nikaifungua kwa mikono yangu nikamfungia kwenye kichwa chake. Alikuwa anaimba puani. Alisahau kigoda chake, nikamwita, akasema nikae nacho nimtunzie.

Tumekubaliana akifika darajani apige honi ndefu. Upepo unatoka bondeni, honi ya darajani inasikika mpaka hapa, kila mtu anajua.

Ninakuandikia nikiwa ukingoni. Ameingia kwenye ukungu. Namsikia. Anapiga honi fupi kila kona kuwaonya wanaopanda. Gia ndogo, anakwenda polepole, anajua kazi. Ya kwanza. Ya pili. Fundi amesimama nami, amevua kofia, nimemwambia airudishe kichwani.

Injini sasa inalia juu zaidi. Ngoja nisikilize, nitakuandikia.

Mpwa wako.


10 Machi

Mpwa wangu,

Mama yako amelala kwa mara ya kwanza tangu juzi, na nakushukuru kwa kutii. Barua yako imetufikia mchana. Sasa jua linaelekea kutua na hakuna nyingine iliyoingia. Nimejaribu kukupigia, inakatika kama ulivyosema. Miwani amepanda juu ya ukuta wa ofisi za ardhi na simu yake, akidhani huko mtandao ni mzuri zaidi, na watu wanamcheka.

Kuna jambo limetokea hapa mezani na sijui nilifanye nini.

Mke wa Kigoda amekuja. Amevaa vizuri. Mumewe alimtumia ujumbe wa sauti asubuhi, kabla ya kuwasha gari, kumweleza kwamba Mnyapara amemkumbuka, na anasema alikuwa hajamsikia akicheka namna hiyo kwa muda mrefu. Amekuja ili nimwandikie barua ya shukrani. Anataka iende kwa wakubwa wa programu. Anasema watu hukimbilia kulalamika tu, na mume wake amerudishiwa heshima yake, kwa hiyo inafaa mtu aseme asante, kwa lugha nzuri, ili wasimsahau tena. Ameniambia nisiifanye fupi.

Nilimwuliza kama amezungumza naye tangu wakati huo. Akasema hapana, mumewe hapokei simu akiwa anashuka, ni mtu makini.

Miwani ameshuka ukutani. Amesimama nyuma ya kiti cha mama huyo na ananitazama, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie hapa hana la kumshauri mteja.

Nimeingiza karatasi kwenye mashine. Nimechapa tarehe. Nimemwambia kwamba ninatafuta neno linalofaa, naye amesema nisiwe na haraka, ana muda wa kutosha. Amekaa anaitazama mikono yangu. Kila nikigusa mashine anatabasamu.

Naomba unijibu, mwanangu, hata neno moja. Umeisikia honi?

Mjomba wako.